Mshale Usiopanda

Kwa miaka miwili baba yangu alikuwa na hadithi moja ya kuwasimulia wageni, na hadithi yenyewe ilikuwa mimi. Haianzi mpaka chai imiminwe. "Huyu binti yangu," atasema, akinielekezea kidevu, "alinichomea injini nzima, macho yakiwa juu ya minazi." Wageni watacheka. Mwenye kushika birika ni mimi, na si mara moja niliyotamani kulimimina mapajani mwao.

Sikutazama minazi. Nilitazama geji. Nalisema hapa mwanzo kabisa kwa sababu kwa miaka miwili hakuna aliyeniacha nilimalize.

Pikapu yenyewe ni kuukuu kuliko mimi. Rangi yake ilikuwa buluu, sasa ni ya kitu kilichofuliwa sana. Mlango wa abiria haufungi bila teke. Kwenye dashibodi kuna geji tatu za duara: ya mwendo, iliyokufa nikiwa mtoto, ya mafuta, na ya joto la maji, yenye alama ya buluu upande wa baridi na nyekundu upande wa moto. Baba alinifundisha kuendesha kwa gari lile lile, kwenye kiwanja cha mpira hapa Mtopanga, na jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa klachi wala breki. "Jicho barabarani, jicho kwenye geji ya maji. Gari ya zamani haikuoni, lazima wewe uione." Alinigonga kisogoni kila niliposahau. Basi nikajifunza, na sikusahau tena.

Lazima nieleze pia juu ya tepu. Baba alikuwa fundi wa mabomba bandarini mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimwachia ugonjwa mmoja. Hawezi kuona kitu kinachofungwa kwa kuzungushwa kikiwa kikavu. Ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, ya kuzuia maji yasivuje, haimtoki kwenye mfuko wa shati. Huenda nayo kanisani. Alifunga tepu kwenye mtungi wa gesi, kwenye kifuniko cha chupa ya chai, kwenye kofia za madumu yote ya uani. Mama, alipokuwa hai, alimwambia iko siku ataamka akute na shingo yake imezungushiwa. Baba hakucheka. Alijibu kwamba nyumba hii haijawahi kuvuja.

Mimi nauza nazi. Jumanne na Ijumaa nilikuwa napewa pikapu niende Kaloleni, nijaze, nirudi nishushe Kongowea. Wiki moja kabla ya siku ile mbaya, baba alishinda ameinamia boneti asubuhi nzima. Kulikuwa na tone la maji likitoka ubavuni mwa injini, moja kwa dakika labda, na lilimkera kuliko dhambi. Adhuhuri aliibuka akifuta mikono kwa kitambaa, ameridhika. "Nimelikomesha," akasema. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Sikuuliza amelikomesha vipi, na hilo ndilo kosa langu pekee katika mambo haya yote.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nateremka kutoka Mazeras nimejaza mpaka ubao unalia. Jua kali, malori mbele, malori nyuma. Nilitazama geji kama nilivyofundishwa. Mshale ulikuwa kwenye buluu, umetulia. Nikasema moyoni, leo mzee pikapu kapoa. Nilipofika Changamwe nikasikia harufu ya kitu kitamu kilichoungua, kisha injini ikaguna, ikakaza, ikafa katikati ya barabara. Nikafungua boneti, mvuke ukanifukuza. Pampu ya maji ilikuwa imevuja njia nzima na rejeta ilikuwa tupu. Makondakta wakapita wakichungulia madirishani. "Mama, chaiva saa ngapi hicho chakula?" Nilikuwa na nazi mkononi. Mungu ndiye aliyeuzuia mkono wangu.

Baba alikuja kwa bodaboda na fundi wa injini nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika. Alitazama mvuke, akatazama watu waliosimama, akanitazama mimi.

"Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwenye geji, baba. Mshale ulikuwa baridi njia nzima."

Akafungua suichi. Mshale ulikuwa kwenye buluu bado. Nikadhani nimeokoka. Lakini yule fundi, bila hata kuulizwa, akasema kwamba maji yakishaisha kwenye injini mshale hurudi baridi, kwa kuwa hakuna tena maji moto ya kuupandisha. Ulipanda, akasema, ukashuka, na dereva hakuuona. Jambo hilo ni la kweli, magari ndivyo yalivyo. Baba akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Niliambiwa nisimpe mwanamke gari."

Hakuwa ameambiwa na mtu. Aliitunga pale pale.

Injini ikafunguliwa, kichwa kikapelekwa kusawazishwa, gasketi ikatiwa mpya. Wakati wa kurudisha, baba alimsimamia fundi yule na hakumruhusu kugusa chochote kinachopitisha maji. Vyote vyenye kupitisha maji alivifunga mwenyewe. Kisha ufunguo akampa mdogo wangu, kitinda mimba, kijana wa kuvaa viatu vyeupe. Mimi nikaanza kukodi tuktuk za watu. Baba wadogo wa Changamwe wakanipa jina la utani ambalo siliandiki hapa. Kila Jumapili ya kukutana ukoo, nikiingia na sahani, yuko atakayeliita na yuko atakayepiga honi kwa mdomo. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Nilikuwa nikirudi nyumbani nalia kwa hasira, si kwa huzuni, naomba wasomaji wasichanganye.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya majisifu. Jumapili moja, sahani zikiwa bado mezani, mdogo wangu alijinyoosha kwenye kiti akasema, "Mimi mwaka mzima na zaidi, mshale wa maji haujapanda hata kidogo. Uko buluu tu. Gari ni dereva." Baba akampigapiga begani. Mimi nilikuwa nakusanya mifupa, nikasimama.

Haujapanda hata kidogo?

Nilijifunza kwenye gari lile. Katika siku za uzima wake mshale haukukaa buluu. Ukiwasha asubuhi uko buluu, ukifika Bombolulu umeshafika katikati, na hapo hukaa. Injini iliyo nzima haikai baridi. Mjinga yule alikuwa anajivunia ugonjwa. Na mimi mwenyewe, siku ile ya Mazeras, nilikuwa nimeushukuru ugonjwa huo huo.

Kesho yake nikaenda Junda kwa fundi wa waya, mtu wa bara, asiye na salamu. Anafanyia kazi chini ya turubai na hupenda kumwonyesha mteja kwamba ni mpumbavu kabla hajamsaidia. Nikamweleza.

"Sasa siste, wewe unaniuliza ama unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Geji ya joto ikilala baridi mwaka mzima, hiyo ni kipofu. Kwanza cheki ya mafuta. Ya mafuta ikipanda, moto wa betri unafika kwa dashibodi, kwa sababu zote mbili zinakula kwa kisanduku kimoja hapo nyuma. Halafu kuna waya moja imeshuka mpaka kwa sensa, ile bolti ya shaba imeingia kwa injini kupima joto. Chomoa hiyo waya, igusishe chuma. Mshale ukikimbia mpaka nyekundu, geji ni nzima, waya ni nzima. Shida ni sensa, ama sensa haipati bodi."

"Bodi?"

Akapiga chuma cha gari lililokuwa mbele yake kwa bisibisi. "Hii. Hiki chuma chote. Umeme unaingia kwa waya, unarudi kwa chuma. Sensa isipogusa chuma, umeme haurudi, mshale unalala. Ungekuwa umekuja mwaka juzi tungekuwa tumemaliza." Akanigeuzia mgongo.

Sasa nitasema jambo lisilonipendezesha. Sikwenda kuangalia. Niliamua kunyamaza. Nilijua gari linaendeshwa na geji kipofu, nilijua mdogo wangu hawezi kufungua rejeta hata kwa fimbo, na nilitaka liungue. Nilitaka liungue mikononi mwake, barabarani, mchana, mbele ya makondakta. Wiki tatu nilikaa mlangoni kila Ijumaa nikisikiliza, na kila likirudi salama nilivunjika moyo. Nilisali hata. Sisemi niliomba nini, lakini Mungu hakuwa mjinga, alielewa.

Kilichonitoa kwenye kinyaa hicho hakikuwa wema. Asubuhi moja pikapu ilikohoa kuwaka. Mdogo wangu akapiga usukani kofi, akasema, "Hii injini haijapona tangu dada aichome," na baba, aliyekuwa akipiga mswaki uani, akaitikia kwa kichwa. Hapo nikafahamu. Likiungua leo na yeye ndani, litakuwa limeunguzwa na mimi. Likiungua nikiwa kaburini, litakuwa limeunguzwa na mimi.

Jumapili nikasema kichwa kinaniuma. Walipokwisha kwenda ibadani kwa miguu nikachukua ufunguo wa akiba kwenye kikombe cha kabatini, nikafungua boneti. Maji yalikuwepo. Nikawasha, nikaiacha ingurume mpaka rejeta haishikiki kwa mkono. Nikaenda dirishani. Geji ya mafuta, nusu. Geji ya joto, buluu, imelala usingizi wa mtoto mchanga.

Nikachomoa waya kwenye sensa. Boneti ilinizuia kuona dashibodi, nikaubana ule waya kwenye chuma kwa kibanio cha nguo, nikakimbia. Mshale ulikuwa unapanda. Ulipita katikati ukaenda mpaka nyekundu bila haya yoyote. Miaka miwili. Nikarudi mbio kuuchomoa kabla haujaidhuru geji, nikaurudisha mahali pake. Kisha nikachukua kipande kingine cha waya, ncha moja nikaishikiza kwenye shaba ya sensa, nyingine kwenye chuma cha injini kando yake. Nikaenda dirishani tena. Mshale ukapanda polepole, ukafika katikati, ukakaa hapo nilipoujua tangu kiwanja cha mpira.

Basi geji nzima, waya mzima, na sensa nzima. Kilichokosekana ni kugusana tu. Na vitu viwili vya chuma, kimoja kimekazwa ndani ya kingine kwa spana, vinakosaje kugusana?

Nikazima. Nikasubiri ipoe, na ibada ya kwetu ni ndefu, sikuwa na haraka. Nikapunguza maji, nikafungua sensa. Ikatoka imevaa nguo nyeupe. Tepu, mizunguko juu ya mizunguko, imenyooshwa vizuri, imekatwa kwa ukucha, kazi safi kuliko ya fundi yeyote wa mji huu. Nilikaa juu ya dumu nikaishika mkononi. Hata ule mdomo wa dumu ulikuwa na tepu.

Walirudi saa saba. Baba alikuwa na suti ya kaunda na Biblia kwapani, na mfuko wa kifuani ulikuwa na duara dogo lililojitokeza. Mdogo wangu nyuma yake analegeza tai.

"Nani kakuruhusu kushika gari yangu?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, kwa mazoea tu, akaudhika kwamba imemtoka. "Nimekuuliza."

Nikamwamuru mdogo wangu akae kwenye usukani, afungue suichi, atuambie geji inasemaje. Alikaa kwa sababu alidhani ni mzaha. Nikagusisha waya kwenye chuma.

"Soma."

"Umepanda," akasema. Uso ulianza kumpotea. "Umefika nyekundu."

"Sasa?" Nikauondoa.

"Umeshuka."

Nikamwekea baba sensa kiganjani. Nikamweleza kama nilivyoelezwa Junda, kwa ufidhuli ule ule: umeme huingia kwa waya na kurudi kwa chuma, na hiki kimevishwa nguo, hakigusi chuma, basi injini iwe barafu au iwe jehanamu, mshale hauna habari. Baba hakuniangalia. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya tepu, kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho wake, na kikafika pale ilipokatwa.

"Ni yule fundi wa injini," mdogo wangu akasema kutoka dirishani. "Wale watu bwana, hawana maana."

"Fundi hakugusa nati za maji," nikasema. "Wewe ulikuwepo. Muulize baba."

Nikaona baba anatafuta mlango wa kutokea, na nikaujua kabla hajaufikia, kwa sababu mlango ulikuwepo kweli. Tepu ile ilikuwa ya baada ya matengenezo. Ilithibitisha kwamba mshale ulikuwa kipofu sasa. Siku ile ya Mazeras sensa ilikuwa imefungwaje, hakuna duniani anayejua ila mtu mmoja, na alikuwa amesimama mbele yangu na Biblia kwapani.

"Hii ni ya sasa," nikasema. "Mimi sitaki ya sasa. Lile tone ulilolikomesha, wiki ile kabla sijaenda Kaloleni. Ulilikomesha kwa kitu gani?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Kwa kitu gani, baba?"

Akisema hakumbuki, nimekwisha. Nilijua hivyo, naye alijua. Angesema tu sikumbuki, na kila mtu angemwamini, mzee wa umri wake, na mimi ningemimina chai ya watu mpaka nife. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka tundu la sensa, tone, tone, na macho yake yakaenda huko, kwa mazoea yake.

"Siku ile niliifunga tepu zaidi," akasema. "Ilikuwa inavuja zaidi."

Mdogo wangu alishuka garini taratibu akasimama mbali na sisi.

Nilifikiri nitapiga vigelegele. Nilikuwa nimetayarisha maneno, miaka miwili ya maneno, mengine machafu. Badala yake nikamwambia, "Itoe." Akaanza kuibandua tepu kwa ukucha, mzunguko kwa mzunguko, mpaka shaba ikabaki uchi mkononi mwake. Nikaichukua, nikaipangusa, nikaifunga kwenye injini nikaikaza. Nikajaza maji. Ubavuni likachomoza tone moja, likaning'inia. Mkono wa baba ukaenda kwenye mfuko wa kifuani.

"Acha," nikasema.

Mkono ukashuka.

Ilikuwa Jumapili ya ukoo, zamu ya Changamwe. Baba akaninyooshea ufunguo wake. Sikuupokea.

"Leo chai nitamimina mimi kama kawaida," nikamwambia. "Hadithi utasimulia wewe, yote, mpaka hapo kwenye kufunga zaidi. Ukishindwa, shika ufunguo wako, tutakwenda kwa tuktuk."

"Nitasimulia."

"Mbele ya wote."

"Nimesema nitasimulia."

Nikauchukua. Mdogo wangu alipanda nyuma, kwenye mabaki ya makumbi ya nazi, na suti yake na viatu vyake vyeupe. Baba alikaa upande wa abiria. Nilizunguka nikaupiga mlango wake teke ukafunga, na teke lile lilikuwa kubwa kuliko lililohitajika.

Baba hakutazama barabara hata mara moja. Alikuwa ameinama kidogo mbele, miwani imeshuka puani, anatazama geji. Bombolulu mshale ulikuwa katikati, kama zamani. Tulipovuka mjini na kuanza kupanda mlima wa Changamwe, karibu na pale nilipoulizwa macho yangu yalikuwa wapi, ukasogea juu kidogo, upana wa ukucha tu.

"Unapanda," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeuona," nikamjibu. "Hata siku ile ningeuona."

Nikashusha gia, nikaendelea kupanda.